Joha Alivaa Koti Langu Kwenye Maziko ya Mke Wangu

Ndugu Mshauri,

Nakuomba unisaidie, na tafadhali usinijibu kwa kunibembeleza, maana nina miaka hamsini na sita na nimechoka. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, nilisoma hadi darasa la nne kwa wamisheni, nikaja huku Kilosa mwaka 1939 kwa mkataba wa kukata mkonge, baadaye nikawa kibarua wa reli ya kwenda Mikumi, na tangu kijiji chetu cha ujamaa kianzishwe mimi ndiye mwalimu wa kisomo cha watu wazima, nina wanafunzi thelathini na mmoja, karibu wote ni akina mama wa Kisagara, na mwezi wa nane wanatakiwa kufanya mtihani wa taifa.

Miaka yote hii sijaacha kuwa mgeni. Katibu wa kijiji, Kondo, alisema mbele ya kamati, nami nimekaa papo hapo, "Huyu ni manamba tu, aliletwa na mkonge, hana kwao, atatufundisha nini?" Akataka darasa apewe mpwa wake, ambaye akisoma gazeti hupumzika kila neno. Nilinyamaza. Nikisema nimezoea nitakuwa nimesema uongo.

Sasa sikia lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita mke wangu Marselina alifariki. Alikuwa Mngoni wa Songea, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili, ingawa yeye Kisagara alikijua, alijifunza kisimani, na kila siku alirudi na ndoo kichwani akicheka matusi aliyorushiana na mwanamke mmoja aitwaye Joha, nami nikimwambia kwamba mambo hayo hayampendezi mke wa mwalimu. Siku ya maziko, tunakaribia makaburini, jeneza liko mabegani, huyo Joha akatokea mbele yetu amevaa koti langu la kufundishia, amelichukua nyumbani kwangu bila ruhusa, miwani yangu iko puani kwake, ameshika mpini wa jembe kama fimbo ya ubaoni, akaziba njia na kuiga sauti yangu: "Marselina! Umechelewa tena darasani! Simama hapo, sema a, e, i, o, u!"

Watu wakacheka. Msibani!

Halafu akanigeukia mimi: "Na wewe mla ndizi, nani kakwambia tunachimba bure? Mpeleke kwenu kwenye matope!" Akaendelea kwa Kisagara, maneno mengi ambayo sikuyaelewa, wenzake wakazidi kushangilia, na hao ndio hao hao waliochimba kaburi tangu alfajiri, wakachota maji na kufagia uwanja wangu siku tatu bila kuombwa, ndiyo maana nasema watu hawa sijapata kuwaelewa.

Mshauri, nilimvua lile koti kwa nguvu. Nikawaambia wote waliokuwapo, "Ninyi watu wa bondeni ni wavivu na wajinga, mnachojua ni ngoma tu, ndiyo maana mmeota mvi hamjui kuandika majina yenu." Tulizika kimya.

Tangu siku hiyo nimefunga darasa. Vitabu viko ndani na ufunguo ninao mfukoni. Bibi mmoja, Paulina, alikuja mlangoni kwangu akaniuliza, "Mwalimu, mimi niliyefika katikati ya jina langu, nikalimalizie wapi?" Nikamjibu akamwulize Joha.

Nataka kurudi Rungwe. Ndugu waliobaki huko wengi nawajua kwa barua tu, na sijui nani atapalilia kaburi huku, lakini angalau kule ukungu wa asubuhi unanifahamu. Wapo wanaoniambia kwamba ningejifunza lugha ya hapa mambo yangekuwa mepesi. Kwa nini nijifunze? Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, nami nakisema vizuri kuliko wao. Je, niondoke, au nibaki na watu walionidhihaki mbele ya mwili wa mke wangu?

Lupakisyo,
Kilosa, Juni 1975

JIBU

Mzee Lupakisyo, shikamoo, na pole sana kwa kufiwa. Heshima yako nimekupa, sasa niache niseme.

Hivi uliisoma barua yako kabla ya kuitia posta? Mtu anayekudharau haamki alfajiri kumchimbia kaburi mkeo. Joha alikufanyia utani, mzee! Mimi nimekulia Kidodi, si mbali na hapo, na kwetu aibu ya msiba ni jeneza kupita njiani bila mtani wa kulizuia. Marselina hakuwa na ndugu pale, wewe huna, watani wake wa jadi wako mbali. Wale akina mama wakaona mwenzao ataondoka kama mtu asiyekuwa na watu, wakajifanya watani. Na kwa kweli walikuwa watani wake siku nyingi, tangu kisimani. Yeye alilijua hilo. Wewe ulikuwa unamkataza kucheka.

Najua huenda kwenu Rungwe msiba huendeshwa vingine, na mtu mwenye uchungu hasikii vizuri. Kwa hilo nakuonea huruma. Lakini miaka thelathini na sita, mzee wangu! Misiba mingapi umehudhuria hapo, na hujawahi kumwuliza jirani, "Hawa wanafanya nini?"

Kondo ni jambo jingine, usiwachanganye. Yeye hukuniandikia kwamba alishika jembe wala kubeba maji. Alikaa kwenye kiti, akasema huna kwenu, hakucheka, na alikuwa anaitaka nafasi yako. Huo ni ubaguzi, na serikali yetu haikuutaka. Simama kwenye mkutano wa kijiji umwambie hivyo usoni, kisha umwombe mpwa wake awasomee wananchi ukurasa mmoja. Linaloniudhi ni kwamba Kondo ulimnyamazia, ukaja kumvua koti Joha.

Tena dharau kama ile ya Kondo ukaibeba wewe. Eti wavivu! Wavivu gani hao wanaotoka kwenye shamba la kijiji mchana na mtoto mgongoni, wakaja kubanana kwenye benchi lako kuumba herufi? Na Bibi Paulina alikukosea nini hata umwache na nusu ya jina?

Kuhusu lugha, Kiswahili nakipenda, ndicho kinachonipatia mshahara. Lakini wanawake thelathini na mmoja wamekubali kutahayari mbele yako kwa lugha unayoijua wewe, na wewe hujakubali kutahayari mbele yao hata siku moja. Halafu unalalamika kwamba walisema mengi na hukuyaelewa. Walikuwa wanamuaga mkeo, mzee. Huenda maneno mazuri kuliko yote aliyosemewa siku ile ni hayo yaliyokupita.

Rungwe nenda ukasalimie baada ya mtihani, kisha urudi. Kwa sasa, siku utakayosoma gazeti hili, fungua darasa. Usitoe hotuba. Mwite Paulina ubaoni aendelee pale alipoachia. Wakishaondoka wengine, mwombe abaki nusu saa akufundishe Kisagara, siku hiyo na kila siku, na akikucheka vumilia kama wao wanavyokuvumilia.

Somo la kwanza mwombe akupe tusi moja zuri la watani. Lishike vizuri. Jioni chukua kuku uende kwa Joha. Mwambie kwa Kiswahili kwamba ulimkosea, mara moja tu, usizunguke. Kisha mtupie hilo tusi. Utalitamka vibaya na nyumba nzima itacheka. Akikujibu kwa tusi kubwa zaidi, usinyanyuke. Keti, ule.