Siku Baba Alipohama Upande

Kihonda, Morogoro
Jumatatu, 14 Julai 2025

Kaka yangu Yunusi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Turiani, na lile bega lililokusumbua msimu uliopita wa miwa liwe limetulia. Sisi huku hatujambo. Baba bado yuko na cherehani yake kutwa nzima, na tangu apate oda ya sare za shule amesahau hata kulalamikia magoti.

Kuna jambo ninalotaka kukueleza ambalo kwenye simu lilinishinda. Lakini acha nianze na la kuchekesha.

Tangu Januari nimo katika kikundi cha maigizo hapa mtaani. Kiongozi wetu ni mwalimu Athanas, mstaafu, mtu wa Matombo. Mwaka huu alitaka mchezo kuhusu watu wanaochukiana kwa sababu ya dini, ila alituonya kwamba hataki hotuba. Tukatunga habari ya mama ntilie wawili wanaouza chakula jirani gulioni: Mwamvita, Mwislamu, na Yustina, Mkristo. Kisha mwalimu akageuza mambo. Waislamu tucheze Wakristo, na Wakristo wacheze Waislamu. Mimi nikawa Yustina, na msalaba wa mbao shingoni. Aliyekuwa Mwamvita alijitanda ushungi mpaka karibu na macho. Jina lake nitakutajia mbele.

Juzi Jumamosi tulicheza Matombo, kwenye uwanja ulio karibu na misheni. Baba alikuwa amekataa katakata kuja, halafu Ijumaa alipotoka msikitini akaniuliza gari linaondoka saa ngapi. Watu walikaa kwa mazoea yao, akina mama wa parokia na masista kulia, wazee wa msikitini kushoto, na Baba katikati yao.

Mchezo ukaanza. Mwamvita akawa anawanong'oneza wateja wangu, "Mnakula pale? Sufuria ile jana imepika kitimoto. Nguruwe! Nimeona kwa macho yangu." Wateja wakahamia kwake. Upande wa kushoto walicheka, na Baba alicheka hadi akampiga jirani yake gotini. Upande wa kulia waliguna. Lakini niliposhinda kutwa na wali wangu umepoa, nikaanza kuufunga kwenye kitambaa niurudishe nyumbani, hata wazee wakanyamaza. Mmoja akasema kwa sauti kwamba mama huyu hajamwibia mtu, aachwe auze. Kaka, uwanja mzima ulikuwa wangu.

Ndipo Yustina akalipiza. Nikazunguka nikisema Mwamvita anatia kombe, yale maji ya maandishi ya dua, kwenye maharage ili kuwafunga wateja wasimwache. Akina mama wa parokia walipiga vigelegele, nami nikazidi kunogewa. Wateja wakapandwa na hasira, wakamwaga sufuria ya Mwamvita. Yalikuwa maharage ya kweli, yamepikwa asubuhi ile. Yalipotapakaa kwenye nyasi, Mwamvita hakupiga kelele. Alipiga magoti akaanza kuyazoa kwa viganja, akasema taratibu kwamba hata watoto wake walikuwa wanayasubiri.

Vigelegele vikakatika. Sista mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Nilisimama pale nikiwaona watu wananihama mmoja mmoja, kulia na kushoto.

Baba akainuka. Sijui alisahau kwamba ni mchezo au hakujali. Aliingia uwanjani akaninyooshea kidole mimi, bintiye wa kumzaa. "We mama, inatosha. Ulionewa, tumeona wote. Sasa na wewe umeonea." Kisha akainama na magoti yake yale, akaisimamisha sufuria, akaanza kuokota maharage pamoja na Mwamvita. Watu walicheka, wakapiga makofi, halafu wakashuka kusaidia. Mzee mmoja wa msikitini na katekista walikuwa wanagombea nani ashike sufuria. Onyesho la mwisho hatukulicheza kabisa, na mwalimu Athanas alisema halihitajiki tena.

Walipomaliza kuokota, Mwamvita akateremsha ushungi akasema, "Shikamoo, Baba." Alikuwa Editha. Ndiyo, kaka, Editha wako, ambaye siku hizi anakaa huku mjini. Baba alibaki na maharage mkononi, hajui ayaweke wapi. Marahaba yake ilichelewa sana. Kisha akauliza kama kuna maharage yaliyosalia ambayo hayakumwagika. Mama yake Editha, ambaye bado anaishi Matombo na ndiye aliyeyapika, akamletea sahani. Baba akanawa, akala mbele ya watu wote mpaka akamaliza.

Sasa lile lililonishinda kwenye simu.

Miaka yote mitatu umeamini kwamba ni mtu wa msikitini aliyemwambia Baba kuwa nyumbani kwa akina Editha unakula kitimoto. Ni mimi niliyesema. Sikuona chochote, na jikoni kwao sikuwahi kukanyaga. Mama yetu alikuwa amefariki karibuni, nikaogopa kwamba ukioa kule utaacha dini na utaniacha mimi na Baba peke yetu. Nilisema sentensi moja tu tukinywa chai, Baba akavunja posa, nawe ukafunga begi.

Mwalimu alipotutaka kila mtu alete maneno ya dharau aliyowahi kuyasikia, nilileta yale yangu bila kusema yalitoka kinywani mwa nani. Kisha nafasi ya kuyasema ikamwangukia Editha. Mazoezini nilipoyasikia kwake nilishindwa kuendelea, na baadaye nikamweleza yote. Aliondoka bila kuniaga. Mazoezi mawili hakuonekana. Siku ya tatu alikuja, akajitanda ushungi, akasema tuanze, kwa kuwa sasa anajua Mwamvita achezwe vipi: kama mtu mwenye hofu.

Baba nilimwambia jana. Alisimamisha cherehani, kisha akasema, "Wewe ulisema. Lakini mimi sikuuliza hata mara moja, kwa sababu nilipenda kusikia hivyo." Ijumaa ijayo anapanda tena Matombo kumwomba radhi mama yake Editha, na amenituma nikuulize kama utakubali kufuatana naye.

Nilimuuliza Editha kama ana ujumbe. Akasema kwangu mimi hatumi ujumbe, maneno niliyombebea yanatosha. Lakini alikuwa anatabasamu, na aliniuliza mara mbili siku zako za mapumziko ni zipi.

Sikuombi unisamehe haraka. Ukija umekasirika, njoo hivyo hivyo, mlango nitakufungulia mimi mwenyewe. Wasalimie wenzako wote unaoishi nao. Baba anakusalimu sana, na amenisimamia hapa nyuma kuhakikisha nimeandika "sana".

Ni mimi mdogo wako,
Raya