Viroboto wa Popi

Jumatano, 11 Juni 2025

Soweto, hapahapa Mbeya, siku nzima. Paka wa watu wanaparura! Mkono wa kushoto hautamaniki. Na kazi yenyewe ukiisimulia unachekwa: unamlaza paka juu ya shuka jeupe, unamchana kwa kitana chenye meno ya karibu, viroboto wakidondoka unawadaka kwa kibano na kuwatumbukiza kwenye kichupa cha spiriti. Kisha maabara, kutafuta vijidudu vya maradhi ndani yao. Bi Mwantumu kanikaribisha chai, ila kasema hajawahi kuona mtu aliyesomeshwa miaka yote hiyo aje kumchana paka nywele. Tumecheka. Nikamweleza viroboto wengine hubeba homa, na watu huidhani malaria au taifodi. Akamtazama paka wake. Akacheka tena, kidogo tu.

Jumamosi Igowole. Dk. Zubery, mkuu wa utafiti wetu, anataka na mbwa wa vijijini. Nitaanzia kwa dada Faustina.

Jumamosi, 14 Juni

Igowole. Baridi ya kukata masikio, ukungu mpaka saa nne. Kila ninayekutana naye kamwene, kamwene, salamu yao ya huku. Dada amenenepa, nimemwambia, amefurahi. Na Eva amekua! Miaka saba, meno ya mbele hana. Ndiye aliyemshika Popi nikimchana. Mbwa mwingine angening'ata. Huyu kalala chali kama yuko saluni. Eva akawa anamnong'oneza sikioni kwamba mama mdogo anamtoa wadudu, asiogope.

Viroboto tele. Popi hulala juu ya gunia lake, miguuni kwa Eva. Dada anasema kwa baridi ya huku mbwa ni blanketi la pili. Shemeji Kasian hapendi — mbwa wa ulinzi akae nje! Hakuna anayemsikiliza.

Alhamisi, 26 Juni

Majibu yametoka. Soweto, paka wa nyumba mbili viroboto wao wana vijidudu. Igowole nyumba moja tu. Nikaangalia namba ya kichupa. Nikaangalia tena.

Ya dada.

Utaratibu wetu ni kwamba mwenye nyumba haambiwi mpaka bwana mifugo aende mwenyewe na dawa ya kupulizia, wakae chini, amweleze. Utaratibu mzuri. Mimi mwenyewe niliutetea kwenye kikao. Mchana nikampigia dada.

Nilimwambia vizuri jamani! Kwamba si mbwa anayeumwa, ni viroboto wake wana vijidudu. Eva asilale naye kwa sasa, dawa inakuja wiki ijayo. Dada akaitikia haya, haya, mdogo wangu, asante. Nyuma yake nikamsikia shemeji akiuliza mbwa ana nini.

Ijumaa, 27 Juni

Wamemuua.

Jana hiyohiyo jioni. Kasian kamfunga kamba, kaenda naye kwenye miti ya mbao, karudi peke yake. Dada kanisimulia kwa sauti ya kawaida, kama wameuza kuku. Si ulisema ana ugonjwa? Sikusema hivyo! Nikauliza, na Eva? Wamemwambia kwamba mama mdogo alituma gari, Popi kapelekwa Mbeya kutibiwa, akipona atarudi. Kaniomba nisije nikamwambia vingine.

Nimelia chooni kazini. Nikanawa uso, nikapiga tena. Nikawaambia wapulize dawa ndani, waanike godoro juani, wachome chochote alicholalia, maana kiroboto akimkosa mbwa anatafuta mtu. Dada akasema wasiwasi wangu umezidi. Mbwa si hayupo tena?

Dk. Zubery nimemwambia yote. Hakunifokea. Bora angefoka.

Jumapili, 6 Julai

Eva ana homa. Tangu Ijumaa. Kichwa, macho mekundu, uji hataki. Wamempa dawa ya malaria ya dukani. Nimemwambia dada ampeleke hospitali leo hii, asingoje. Kesho Sabasaba, kazini hakuna mtu. Napandia basi la kwanza pale Uyole, niwafuate.

Mungu wangu, iwe malaria tu. Sikujua ipo siku nitaiombea malaria.

Jumanne, 8 Julai

Wodi ya watoto. Malaria hakuna. Jana nilimweleza daktari habari za viroboto, akasikiliza mpaka mwisho, akabadilisha dawa palepale. Kasema majibu ya kiroboto si majibu ya mtoto, lakini hatungoji. Kasema pia tungemleta mapema kidogo. Vipele vimeanza kifuani. Tangu jana anaweweseka.

Kasian yuko dirishani. Hanisalimii. Au ni mimi nisiyemsalimia, sijui. Namchukia na ninamwonea huruma. Alifikiri anamwokoa mwanawe, na habari kaipata kwangu.

Sasa hivi Eva kafumbua macho. Kanitambua!

— Mama mdogo, Popi amepona?

Dada akanishika goti, akalibana. Nikajibu anaendelea vizuri. Ndivyo nilivyojibu.

Akafurahi. Akasema, kwa kasauti ka kukatika-katika, kwamba gunia la Popi analo. Baba alitaka kulichoma, yeye akalificha chini ya shuka lake kule nyumbani, analilalia kila siku lisipotee harufu, Popi akirudi asilie kwa ugeni. Linamuwasha sana, kasema. Lakini hajamwambia mtu.

Dada kaachia goti langu. Kasian katoka nje, mlango kauacha wazi. Nikamwinua Eva blauzi mgongoni. Kumejaa alama za kuumwa, mpaka kiunoni.

Ameuliza Popi atarudi lini. Macho kayakaza kwangu, anangoja. Nimejifanya nina kitu cha kuandika, na ndicho hiki ninachoandika.