Tundu la Kifuniko cha Tangi

Mwende mjukuu wangu,

Huko Ulaya baridi imepungua? Hapa Hurlingham tu wazima. Mamako amepona kikohozi, na babu yako amelala chini ya gari lake kuukuu la spoti kama kawaida.

Umeuliza mbona hatununui kifuniko kipya cha tangi la petroli la gari hilo, na hiki kina tundu. Tulipokuwa wachumba, babu yako alidhani tundu hilo ni kutu, akaliziba kwa sabuni ya kipande, kama watu wanavyoziba tangi linalovuja.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nampeleka nyumbani kwetu Kinoo akajitambulishe kwa baba yangu. Gari likazima njiani mara tatu. Alisafisha plagi, akasafisha kabureta, wapi! Nikakasirika, nikafungua kifuniko nione kama petroli ipo. Tangi likavuta pumzi, fyuuu! Gari likawaka.

"Kumbe tundu ni la kuingiza hewa, lazima tangi lipumue!" akasema, akaichokonoa ile sabuni kwa pini yangu ya nywele. Kisha akaonyesha kipaipu fulani: "Na hiki nacho, unadhani ni cha nini?"

Tulifika chakula kimepoa. Baba akaninong'oneza, "Huyu kijana anajua magari kweli?"

"Hajui," nikamjibu, "lakini ameanza kuuliza."

Ngoja niende. Babu yako ananiita kutoka chini ya gari, ameona kitu.

Ni mimi nyanyako.