Mkasi Wako, Mama, na Zile Dakika Nilizozikata

Maskati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu shikamoo zangu za kwenye simu hujazipokea tangu Ijumaa ya wiki mbili zilizopita. Dada Zuhura ameniambia simu ikiita unaitazama, kisha unaigeuza kifudifudi kitandani. Basi barua hii anakuletea jirani yangu wa hapa, anayerudi Tabora kuoa, na nimemwapisha asiondoke barazani kwetu Chemchem mpaka aone umeifungua. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeimaliza mwenyewe, au umewagawia mtaa mzima kama kawaida yako? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio hauko sawa, na sababu unaijua.

Nataka uisikie habari hii kwangu, tangu mwanzo, maana mwenye makosa ni mimi na si Zuhura.

Zuhura alinipigia akasema wanafunzi wa kushona pale kibandani kwako Kanyenye wamefika kumi na mmoja, na wewe ni mmoja, na goti lako ndilo hilo. Ukimwelekeza huyu pindo, yule anakaa anatazama barabara. Akaniuliza kama kuna mfumo wa kufundishia kwenye simu, kama huu wa hapa hotelini. Huku, Mama, mgeni wa kazi hafundishwi na mtu. Anapewa masomo kwenye simu, anatazama, anajibu maswali, akifaulu anaruhusiwa kuingia chumba cha kufulia. Mimi somo la kunyanyua kapu la mashuka nilifeli mara mbili! Mimi niliyebeba cherehani yako kichwani kutoka Chemchem hadi Kanyenye!

Nikajifanya mtaalamu. Nilitafuta wiki tatu, kila mapumziko ya chakula. Mfumo wa kwanza ulikuwa mzuri wa kutazama, lakini kila mwanafunzi alitakiwa awe na barua pepe, na mtandao usikatike hata kidogo. Nikacheka peke yangu. Wa pili masomo yalikuwa ya kusoma tu, kurasa kwa kurasa, na fundi gani amejifunza kushona kwa kusoma? Wa tatu nikaupenda. Ni wa Kiswahili, somo ukishalipakua mara moja linabaki kwenye simu hata bando likiisha, na mwanafunzi anajiunga kwa namba yake ya simu. Zaidi ya hayo, ukimaliza masomo yote unakutolea cheti wenyewe, chenye maua pembeni. Cheti kile kilinilewesha. Nilisema wanafunzi wa mama yangu nao watakuwa na cheti.

Sasa nisikilize, Mama, maana hapa ndipo panaponichoma. Zile picha za video Zuhura alizokuchukua ukiwa kazini, akakwambia ni za kunitumia mimi kwa sababu nimekukumbuka, ni mimi niliyemwambia aseme hivyo. Niliogopa ungekataa. Kukukumbuka ni kweli, hilo halina uongo, lakini masomo niliyatengeneza kwa video hizo hizo bila kukuuliza. Nisamehe. Mtu hamuibii mama yake mikono yake kisha akamwita mwalimu.

Kisha nikafanya kosa la pili. Kila video ya kukata ilikuwa inaanza na wewe umetandika kitambaa mezani, umesimama, mikono nyuma, kimya. Dakika tatu, nne. Nikadhani unapumzisha goti. Nikaona zinakula bando za watu bure, nikazikata zote, somo likawa linaanza pale unaposhika chaki.

Na la tatu. Kwenye mfumo kulikuwa na mahali pa kuchagua kwamba somo la mwisho lisifunguke mpaka mwalimu aruhusu. Nilipaona. Nikapaacha wazi, nikisema kusubiri kutachelewesha watu. Nilisahau kwetu mtu hagusi kitambaa cha mteja mpaka wewe umpe mkasi wako kwa mkono wako, ule wenye mpini uliozungushiwa kitambaa, umwambie, "Bismillahi, kata." Nilikaa kibandani miaka mingapi nikitazama wenzangu wakipewa! Sijui nililisahauje.

Mwajuma, mama wa pacha, alikwenda mbio kuliko wote. Alimaliza masomo yote, cheti kikamjia. Wewe siku hiyo ulikwenda kutazamwa goti. Mezani kulikuwa na kile kitenge cha kwaya ya akina mama wa Kimoraviani kutoka Usinge, chenye ndege wa shingo ndefu, cha magauni kumi na mawili. Mwajuma akakikunja tabaka kwa tabaka, akafuata somo hatua kwa hatua, akakata migongo yote kwa mara moja. Alipoifunua, ndege wote walikuwa vichwa chini.

Zuhura amenisimulia huku analia. Anasema uliporudi hukumgombeza mtu. Ulimwambia Mwajuma, "Kaa chini mwanangu, unywe maji." Kisha ukamuuliza nani amemruhusu kukata, naye maskini akakuonyesha simu. Cheti, maua, na chini yake jina lako, Mwalimu Bi Mwanaidi. Ukakitazama, ukasema, "Kumbe nimekwisha kukuruhusu, na mwenyewe sina habari." Ukachukua mkasi wako, ukautia mkobani, ukaondoka. Mpaka leo hujarudi.

Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo. Unadhani tumekuondoa, Mama. Unadhani tumekuweka kwenye simu ili tusikuhitaji. Wallahi sikukusudia hivyo, lakini ndivyo nilivyotenda, na kukusudia kwangu hakukusaidii kitu.

Nimerudi kwenye zile video. Nimezirudisha dakika zote nilizozikata, na mara hii nikakaa nikakutazama. Hupumzishi goti. Macho yako yanakwenda kutoka ncha hii hadi ile, unakwenda upande wa pili wa meza, unatazama tena. Unatafuta kichwa cha ndege kilipo. Unatafuta doa, na uzi uliokwenda upande. Miaka yote ile niliketi miguuni kwako nikipinda mapindo, na sikujua kwamba hapo ulikuwa umekwisha kuanza kazi.

Sasa hilo ndilo somo la kwanza la kukata. Halina neno hata moja, ni wewe umesimama. Cheti nimekifuta. Na somo la mwisho nimelifunga. Mwanafunzi akilifikia, ujumbe unakuja kwenye kile kisimu chako cha vitufe, wenye jina lake. Ukijibu ndiyo, linafunguka, na ndiyo hiyo utaijibu siku utakayompa mkasi, si kabla. Ukinyamaza linabaki limefungwa. Zuhura hawezi kulifungua, na mimi siwezi. Na ukisema mfumo wote ufutwe, nitaufuta siku hiyo hiyo bila kununa.

Lakini rudi kibandani, Mama. Mwenyekiti wa kwaya alikuja kutoka Usinge kuulizia magauni. Zuhura akamwonyesha migongo ile. Yule mama akacheka, akasema, "Ndege kichwa chini si neno, Mungu anawaona vilevile. Ila hatupeleki kwa mwingine, tunamsubiri fundi wetu." Zuhura ametandika mezani kitambaa kilichobaki. Anasema hakitoshi migongo kumi na miwili, yeye haoni njia. Hakuna aliyekigusa. Kinasubiri ukitazame.

Mwajuma naye anakuja kila asubuhi, anafagia, anakaa kwenye kigoda, anashona karatasi ya kaki bila uzi kama aliyeanza jana. Mpokee.

Nisalimie dada Zuhura na shemeji, na yule mwanao wa mwisho mvivu wa kuandika. Msalimie shangazi wa Kanyenye, mwambie khanga zake ziko kwa huyu bwana harusi, asimkabe kabla hajapumzika. Na mjomba muadhini, aniombee dua.

Limebaki jambo moja, nalo nalisema kwa haya. Ili nijue mfumo unafanya kazi, niliyafuata masomo yote mimi mwenyewe. Hapa chumba cha kufulia tuna cherehani ya kurekebishia mashuka, nimeshona mifuko ya karatasi mpaka msimamizi akaniuliza kama nina akili timamu. Nimefika somo la mwisho. Limefungwa. Wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri ruhusa yako ni mimi, niliyeondoka nyumbani kabla hujanipa mkasi.

Ujumbe wenye jina langu ukiingia kwenye kisimu chako, usiujibu. Likizo yangu imekubaliwa. Nitakuja mwenyewe, nitandike kitambaa mbele yako, niweke mikono nyuma, nitazame kwanza.

Mwanao anayekupenda,
Hamisi