Kofi Ulilompiga Rehema Kule Magamba

Mdogo wangu Masanja,

Tangu uende machimboni simu yako haipatikani, na mimi usingizi sipati. Nimeamua kukuandikia hadharani ili na wakwe zako watarajiwa wa Kakese wasome. Filamu yetu inaonyeshwa Jumamosi hapa Makanyagio, na naogopa itakuharibia ndoa kabla hujaoa.

Unakumbuka ulivyokataa kuigiza? Ulisema huwezi kuwa mwanamume anayempiga mkewe, akamfukuza na kuuza shamba lake. Nikakubembeleza, nikakwambia mke anarudi kulipiza kisasi na watu watashangilia ukiuawa. Ukacheka, ukakubali, maskini.

Siku ile tulipopiga filamu Magamba, wewe na Rehema aliyeigiza mkeo mlifanya mazoezi ya lile kofi asubuhi nzima. Mkono wako haukumgusa. Mlio wake niliurekodi jikoni kwangu, nikizaba kofi bonge la ugali uliopoa. Damu ilikuwa juisi ya rozela niliyoichemsha na unga kidogo, nawe ukailamba ukasema imekosa sukari. Kisu kilikuwa cha mbao. Majirani waliokuja kuchungulia walitucheka mpaka basi.

Sasa kipande cha kofi kinazunguka kwenye simu za watu, bila rozela wala ugali. Sokoni mama mmoja aliniambia nikuonye, eti mtoto wa watu atakufia mikononi. Nilimweleza mpaka nikachoka. Halafu baba wa mchumba wako Neema akatuma ujumbe kwamba mazungumzo ya mahari yasimame kwanza. Nilitaka kofi lile liwaudhi watu, na limewaudhi kweli, lakini hasira yenyewe wanaimalizia kwako. Kila simu ikiita moyo unanipasuka.

Jana Neema alikuja nyumbani. Nikamwonyesha picha ambazo hazikuingia kwenye filamu. Nasikika nikisema kata, nawe unainama haraka kumwinua Rehema, unamuuliza, "Dada, nimekuumiza?" Neema akaomba nirudishe hapo. Nikarudisha, akaomba tena. Alipofika mlangoni ndipo akageuka.

"Mimi namjua," akasema. "Baba ndiye hamjui. Jumamosi nitakuja naye, ila Masanja akae pembeni yake, waongee."

Hakuniomba nilikate lile kofi, na sitalikata. Wako wanawake hapa mjini wanaolijua kofi la kweli, na filamu hii niliitengeneza kwa ajili yao. Lakini wewe ni mdogo wangu.

Yeyote atakayekusomea haya huko machimboni, mshukuru, kisha panda gari lolote linalokuja Mpanda. Ukuta wa ukumbi tumeshaupaka chokaa, ndio utakuwa skrini yetu. Mzee wa watu atakuja kukutazama. Usipokuwepo, Masanja pekee atakayemwona ni yule wa ukutani.

Mwenye wasiwasi juu yako,
Dada yako