Mchezaji Wetu Ametuomba Tusije Kumshangilia

(Barua hii ilinifikia siku chache kabla ya safari inayozungumzwa humu, kwa hiyo jibu nilimsomea mwandishi wake kwa simu kwanza. Naichapa sasa gazetini kwa ruhusa ya wote waliotajwa. Mmoja aliniomba nisahihishe uzito wa ng'ombe wake, nami nimekataa.)

Shangazi Edwina mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba pia usicheke kabla hujafika mwisho, maana mke wangu Noreen amekwisha kucheka kwa niaba ya jimbo zima la Saskatchewan. Mimi ni mtu wa miaka hamsini na saba, majira ya joto nauza mbegu na mbolea, majira ya baridi naendesha mashine ya kulainisha barafu kwenye uwanja wetu wa hoki, silewi, sigombani na mtu, ugonjwa wangu ni mmoja tu, nawafuata wachezaji wa Kanada wa gofu ya kulipwa, wanaume kwa wanawake, wakicheza Florida nipo, wakicheza Korea nipo, huku kwetu kunapambazuka na nje baridi inapasua misumari, mimi niko mbele ya televisheni na kahawa yangu.

Wewe ni mtu wa huku, unajua tunavyosoma ubao wa matokeo. Wenzetu wa nchi nyingine huanza juu, waone nani anaongoza. Sisi huanza na bendera. Tunateremka na kidole, Mmarekani, Mmarekani, Mswidi, Mmarekani, Mjapani, mpaka lile jani jekundu la bendera yetu ya Kanada, hata likiwa nafasi ya sitini na nne, na hapo ndipo mtu anapumua. Kwenye klabu yetu hakuna anayeuliza nani anashinda. Mtu hufungua mlango, hukung'uta theluji viatuni, huuliza, "Wetu wako wapi?"

Sasa Shangazi, sisi wa Kesterley tumejaliwa wa kwetu hasa. Brynn Wasylenko amezaliwa nyuma ya ghala la ngano, mchezo kajifunzia kwenye uwanja wetu wa mashimo tisa, ambako kuchakuro wamechimba mashimo mengi kuliko kamati, na leo anacheza na wanawake bora wa dunia, msimu huu huu amemaliza wa tatu kule Arizona, mimi mwenyewe nilipiga yowe hadi mbwa wa jirani akajibu. Na kila mwaka mashindano makubwa ya taifa ya wanawake yakifika, sisi hukodi basi, watu arobaini, fulana nyekundu, na kengele ambayo dereva wetu Orest aliivua shingoni mwa ng'ombe wake mzito kuliko wote wilayani, na mwaka jana tuliona tumfanyie jambo la heshima, basi alipofika kwenye shimo la kwanza na kushika fimbo, tukamwimbia wimbo wa taifa.

Wote. Kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Yeye akaweka fimbo chini, akavua kofia, akasimama wima, na wenzake wawili aliopangwa nao wakasimama, na mwamuzi akasimama, upepo unavuma, sisi tunaimba, na nilipomwona machozi yanamlengalenga nikamwambia Noreen, tazama, furaha hiyo. Mpira wake wa kwanza uliingia msituni. Ijumaa akakosa mchujo wa kuingia siku mbili za mwisho, kama mwaka uliotangulia, kama mwaka ule mwingine, kwa sababu msichana huyu anapita mchujo kila mahali chini ya jua isipokuwa Kanada. Halafu jioni akaja kwenye basi letu. Akapita kiti kwa kiti akitupa mkono. "Samahani, Bwana Lyle. Samahani, Bi Noreen. Mmetoka mbali." Watu arobaini, Shangazi. Tulilia kwa fahari, tukasema mtoto gani huyu, na ili kumfariji tukamwambia mwakani tutakuja wengi zaidi.

Mwaka huu mashindano yako Alberta, mwendo wa siku moja tu. Basi linaondoka Jumatano. Juzi nilikwenda posta kununua stempu, na mwenye dirisha la posta ni Marlys, mama yake Brynn.

"Lyle, una dakika?"

"Kama ni ushuru wa kile kifurushi, sina."

"Si kifurushi. Brynn amepiga simu."

"Ameumia?"

"Hajaumia. Anawapenda sana. Ameniambia nianze na hilo."

"Haya, anatupenda. Halafu?"

"Anaomba mwaka huu msije."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Anasema akikosa mpigo mahali pengine, basi, amekosa mpigo," akaniambia. "Akiukosa mbele yenu anaanza kutazama nyuso. Anafika shimo la pili tayari anatunga maneno ya kuwaomba radhi."

"Nani kamwambia atuombe radhi?"

"Lyle. Msichana kalelewa hapa."

Nikatoka bila stempu. Sijamwambia mtu ila Noreen. Viti vyote vimejaa, kina mama wa ukumbi wa kanisa wamekwisha kukanda na kugandisha perogi za safari, zile sambusa zetu za kuchemsha, Orest anaisugua kengele. Nikiwaambia, najua mji wetu, hapatachelewa mtu kusema msichana ameanza kuringa, televisheni imempanda kichwani, na jina lake likishachafuka kwa watu wa kwao hata ubingwa hautalisafisha. Nikinyamaza tukaenda, tutamvuruga tena. Nilifikiri kusema basi limeharibika, lakini fundi wa basi ni huyo huyo Orest. Noreen naye ananiambia, "Miaka thelathini nakuomba usinisimamie jikoni ninapopika, mbona hilo hukuliandikia gazeti?"

Na kuna jambo moja naona haya kulisema. Nimeumia. Shabiki aliyeambiwa asije, je, bado ni shabiki?

Wako katika mashaka,
Lyle Dubyk, Kesterley


Ndugu yangu Lyle,

Pole. Nimecheka, lakini nilisubiri hadi mwisho kama ulivyoagiza.

Sasa kaa kitako. Mlimwimbia msichana wimbo wa taifa akiwa na fimbo mkononi? Kwa lugha zote mbili? Mkanada gani atapiga mpira wimbo wa taifa ukiendelea? Angekuwa na nyumba inayowaka moto nyuma yake angevua kofia kwanza. Heri mngemfunga mikono kwa bendera, angalau mwamuzi angeingilia. Na yale machozi, Lyle, acha kujidanganya. Na "mwakani tutakuja wengi zaidi" haikuwa faraja. Hicho kilikuwa kitisho.

Usidhani nakusema nikiwa juu ya kilele. Mwanangu wa pili alikuwa kipa wa hoki, na alipofika miaka kumi na mitatu aliniambia, kwa adabu sana, "Mama, wewe kaa garini." Msimu mzima nilikaa kwenye maegesho, injini inanguruma, nafuta ukungu kwenye kioo, nasikia king'ora cha bao bila kujua limefungwa upande gani. Nilinuna. Nilimpikia uji mzito makusudi. Lakini kila alipotoka alikuja mbio mpaka kwenye gari langu, si la mwingine, kunieleza mchezo wote. Hapo nikaelewa kwamba hakunifukuza, alinipangia kiti.

Brynn hakuomba msimpende. Rudia ulivyoambiwa posta, jambo la kwanza lililotoka kinywani mwa mama yake ni lipi? Mwenye maringo hapigi simu nyumbani kuomba. Mwenye maringo anawapita kwenye kamba bila kugeuza shingo, na mnarudi mkisema leo alikuwa na mawazo. Huyu anasimama mbele ya maelfu ya watu huko duniani na anapiga mpira bila wasiwasi, kwa sababu wale hawawezi kumvunja moyo. Ninyi mnaweza. Hakuna cheo kikubwa kuliko hicho kwenye mchezo huu, na ningekuwa mimi ningetembea mjini kifua mbele.

Kwa hiyo sikiliza utakavyofanya. Kesho uwaite wote klabuni, uwaambie ukweli, na uanzie pale pale Marlys alipoanzia. Habari ya basi bovu usiithubutu. Atakayesema msichana anaringa, muulize kama yeye huweza kurudisha gari nyuma huku baba mkwe amesimama anaelekeza kwa mikono.

Halafu nendeni. Ndiyo, nendeni. Mna basi, mna perogi, na wewe umeniandikia ukurasa mzima kwamba mnawafuata wachezaji wa Kanada. Wachezaji, Lyle, ni wengi. Mlangoni kwenu mtu huuliza "wetu wako wapi," haulizi Brynn yuko wapi. Basi soma orodha kwa bendera kama ulivyozoea. Humo yumo msichana wa Newfoundland, Shanna Keough, mara yake ya kwanza kwenye mashindano haya, amepangwa kuanza asubuhi na mapema umande haujakauka, na nimesoma kwamba anayefuatana naye ni baba yake peke yake, dereva wa basi la shule. Mfuateni huyo. Yeye hana nyuso za kutazama, mpeni arobaini. Wimbo hapana. Kengele ibaki kwa ng'ombe.

Na kwa kuwa najua moyo wako hautatulia bila kumwona Brynn hata mara moja, Ijumaa mchana nendeni mkasimame kwenye lile shimo walilolizungushia mbao za uwanja wa hoki, ambapo waamuzi huvaa fulana za mistari. Pale kelele ni sheria. Anayefikisha mpira kwenye kijani, pale kwenye nyasi fupi penye kishimo, hupigiwa mbao, anayekosa huzomewa, awe Mthai, awe Mswidi, awe nani. Yeye naye atapita hapo kama kila mtu. Mfanyieni kama kila mtu. Jina lake msilitaje, na msimngoje kwenye shimo linalofuata.

Akikosa mchujo na akaja tena kwenye basi, mtangulieni. Muombeni radhi ninyi kwanza, mmoja mmoja, mpaka achoke yeye.

Na swali lako la mwisho. Shabiki aliyeambiwa asije akamtukana mchezaji, huyo hakuwa shabiki, alikuwa mdai. Aliyeambiwa asije akasogea pembeni na bado anatafuta lile jani kwenye ubao, huyo ndiye.

Shangazi Edwina


Lyle alinipigia simu Jumamosi kutoka huko huko, sauti imekauka kama ganda la ngano.

Klabuni, aliniambia, baada ya kusema yote Orest akauliza, "Kwa hiyo kosa ni kengele?" Mama mmoja akasema yeye tangu mwaka jana alijua ile sehemu ya Kifaransa imezidi. Mtu mmoja nyuma akaanza neno "kuringa," akaulizwa habari za kurudisha gari nyuma, hakumaliza.

Alhamisi na Ijumaa walitembea na Shanna Keough kutoka shimo la kwanza hadi la mwisho. Msichana alikosa mchujo kwa mbali, lakini baba yake, ambaye asubuhi ya kwanza alidhani wamepotea njia, alipofika mwisho alivua kofia yake akamvisha Orest.

"Na Brynn?" nikamuuliza.

"Tulikuwa kwenye mbao. Watu arobaini, Shangazi, na hakuna aliyemwita jina. Akapiga. Mpira ukakosa kijani, ukaenda mchangani."

"Mkafanyaje?"

"Tukamzomea."

"Mlimzomea?"

"Kama tulivyowazomea wengine wote. Noreen alimzomea kuliko mtu yeyote, nilimwonea aibu. Brynn akageuka, akatuona. Akacheka. Akacheka mpaka akaegemea fimbo. Halafu akaingia mchangani, akautoa mpira, ukaja ukasimama karibu na shimo kabisa, na mchujo akaupita kwa mpigo mmoja. Lakini mimi sikuwa nafikiria mchujo. Nimemfuata mtoto huyu tangu fimbo ilipokuwa ndefu kuliko yeye, na mbele yetu sijawahi kumwona akicheka."

Nilimwacha apenge kamasi. Halafu nikamkumbusha kwamba leo ni siku ya tatu ya mashindano, Brynn yuko uwanjani muda huu, na yeye akae mbali na kamba.

"Niko maegeshoni, Shangazi," akasema. "Nimekaa ndani ya basi. Nasikiliza."