Neema Amepata Alama Zote

Jumanne, Buhongwa

Bado nimeudhika. Leo mwanafunzi wangu wa ukunga, Neema, alifanya zoezi la kumhudumia mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. Aliyeigiza mgonjwa ni Mama Kulwa, mfanyakazi wetu wa usafi, na damu ilikuwa maji ya rangi.

Neema hakukosea hatua hata moja. Aliita msaada, akakanda tumbo, akaandaa dripu. Lakini hakumtazama Mama Kulwa usoni wala kumwambia neno.

Zoezi lilipoisha, Mama Kulwa aliketi akamwambia taratibu, "Mwanangu, nilipowazaa Kulwa na Doto nilitokwa damu kweli. Hakuna aliyeniambia kama nitapona. Leo nimeogopa vilevile."

"Samahani mama," Neema akajibu, "hilo halipo kwenye fomu ya alama."

Nilitaka kumfokea. Kisha nikaisoma fomu. Kila hatua ina alama yake, kuzungumza na mgonjwa hakuna. Na fomu hiyo niliiandika mimi. Wangapi nimeshawapeleka wodini hivyo, wakiwa na mikono stadi na midomo iliyofungwa?

Nimempa Neema alama zote. Sikuwa na haki ya kumnyima hata moja.